Viti Vitatu vya Safu ya Tisa

Daktari Ostby alinawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja, akatundika taulo mahali pake, ndipo akasema.

"Hakufa pale pale, Marlys."

"Jana uliniambia shingo."

"Jana nilikuwa sijamfungua. Shingo ni nzima. Kilichomuua ni nyonga. Imepasuka, damu ikawa inavujia ndani polepole. Kama kweli alianguka saa nne asubuhi, basi amekufa saa kumi alasiri hivi. Pengine kumi na nusu."

"Masaa sita."

"Angefikishwa hospitali kabla ya saa saba mchana, leo angekuwa kitandani anawatukana wauguzi."

Marlys Rausch alikuwa mpelelezi wa ofisi ya sherifu wa Kaunti ya Tilden kwa mwaka wa kumi na saba sasa. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alipokasirika sauti yake ilishuka, na waliomjua waliogopa zaidi pale ilipokuwa haisikiki kabisa. Alisogea hadi kwenye meza, akamtazama marehemu usoni. Reino Lahti, umri miaka sitini na mitatu, fundi wa kuchomelea vyuma katika migodi ya Minnesota ya kaskazini. Alikuwa ameendesha pikipiki maili mia saba pamoja na wenzake wawili ili kuja Carrow kutazama mbio za pikipiki za uwanja wa udongo, kama alivyofanya kila Agosti kwa miaka kumi na tisa. Zilipobaki maili thelathini na nane, aliishia mtaroni kando ya barabara ya changarawe. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Mfugaji mmoja alimkuta Jumapili asubuhi. Leo ilikuwa Jumatatu, na Marlys alikuwa amepoteza siku nzima akilifukuzia gari jekundu lililobonyea la mfugaji huyo.

"Mikono yake," alisema.

"Wa kulia umevunjika mara mbili. Huo ndio alioangukia. Wa kushoto, vidole vitatu vimesagika kwenye mpini wa klachi. Kitu kilimgonga upande huo."

"Angeweza kufungua kamba ya helmeti?"

Daktari aliinua kichwa. Alikuwa mzee mwenye mabega ya kupinda na hakupenda kukisia. "Ile ya kupitisha kwenye pete mbili, chini ya kidevu? Kwa mikono hii asingeweza kufungua hata mfuko wa karanga."

Marlys alitoa picha kwenye bahasha, akazipanga juu ya kabati la vyombo. Naibu Tollefson ndiye aliyezipiga Jumapili, na alikuwa amezipiga vizuri. Ya kwanza ilionyesha pikipiki ya kijani kibichi imelala ndani ya majani marefu, gurudumu la mbele limeelekea Carrow. Ya pili ilimwonyesha Reino amelala chali kivulini, mdomoni mwa kalvati, lile bomba kubwa la kupitisha maji chini ya barabara, kichwa chake kimelazwa juu ya helmeti. Ya tatu ilikuwa ya majani peke yake, na jana Marlys aliipita haraka. Leo aliiinua mpaka dirishani. Kutoka kwenye pikipiki hadi kwenye kalvati, majani yalikuwa yamelazwa kwa mistari miwili iliyokwenda sambamba, kama reli.

"Visigino," alisema Daktari Ostby, nyuma ya bega lake.

"Mtu anayejiburuta mwenyewe halazi majani hivi."

"Hapana. Huyu amevutwa. Mtu kamshika kwapani, akarudi kinyumenyume."

"Akamlaza kivulini, akamvua helmeti, akamwekea kichwani kama mto." Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Halafu akaondoka."

Nguo za marehemu zilikuwa kwenye mfuko wa karatasi. Marlys alivaa glavu, akalitandaza koti la ngozi, akaanza kulikagua mfuko baada ya mfuko. Kitambaa cha kufutia kioo cha helmeti. Ramani iliyochakaa kwenye mikunjo. Pipi za kikohozi. Mfuko wa ndani, ule wa kifuani, zipu yake ilikuwa wazi mpaka mwisho, na ndani mlikuwa na bahasha ya posta yenye muhuri wa ofisi ya mbio za Carrow. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya buluu, kwa mwandiko wa kizamani: *Lahti. Safu ya 9, viti 14, 15, 16.*

Bahasha ilikuwa tupu.

Alichukua daftari, akatafuta maelezo ya Jumapili. Curtis Onstad, umri miaka arobaini na tisa, shemeji wa marehemu. Alieleza kwamba Reino alikasirika njiani, akageuza pikipiki kurudi nyumbani, na kwamba kama amekutwa ameelekea Carrow basi bila shaka alibadili nia akawa anawafuata, na gari likamgonga. *Sisi wawili tuliendelea hadi Carrow. Tiketi tulinunua getini.* Chini yake, Dale Skubic, umri miaka hamsini na saba, jirani wa marehemu. Hakusema kitu. Alikuwa analia, akatikisa kichwa kukubali.

Marlys alilisoma lile neno "getini" mara mbili, akafunga daftari.

*

Elroy Zwick alikuwa amelala chini ya mashine ya kufungia majani, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Hakutoka aliposikia gari. Gari lake mwenyewe, jekundu, lenye ubavu uliobonyea, lilikuwa limeegeshwa mbele ya ghala.

"Umekuja na pingu leo?" aliuliza kutoka huko chini.

"Nimekuja na samahani."

"Iweke pale juu ya trela. Nitaiangalia nikimaliza kazi."

Marlys alisubiri. Jua lilikuwa kali, na vumbi la ngano lilimwingia kooni. Hatimaye Elroy alijiburuta akatoka, akasimama, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu zaidi ya mikono yenyewe. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi ndiye niliyemkuta yule mzee," alisema. "Mimi ndiye niliyekaa naye mpaka mlipofika, nikimfukuzia nzi. Halafu wewe, tuliyesoma darasa moja, unakuja kuniuliza mbele ya Bernice bati langu limebonyea vipi. Mke wangu hajaniongelesha tangu jana. Anaogopa kuniuliza."

"Nilikosea."

"Ng'ombe dume kalipiga teke. Ungemwuliza daktari wa mifugo, alikuwepo."

"Nimeshamwuliza. Leo asubuhi. Nilipaswa kumwuliza jana kabla ya kukujia. Nitaingia ndani nimwambie Bernice mwenyewe."

Elroy alimtazama kitambo, akatema mate pembeni. Haikuwa msamaha, lakini alikaa juu ya tairi la trekta, na hilo lilikuwa jambo.

"Elroy, jana sikukuuliza Jumamosi uliona nini."

"Hukuuliza. Uliuliza bati tu."

"Nakuuliza sasa."

"Nilikuwa kule juu mlimani na trekta." Alionyesha kwa kidole mlima mfupi wenye majani makavu. Kutoka pale barabara ya changarawe ilionekana yote, kama utepe. "Saa nne, labda na robo. Vumbi la pikipiki. Mmoja yuko mbele sana, anakimbia, ameshafika karibu na lami. Nyuma yake vumbi kubwa, nikajua wako wawili wanafukuzana. Nikageuza trekta mwisho wa shamba. Niliporudi kutazama, vumbi limetulia na pikipiki moja imesimama juu ya kalvati."

"Moja?"

"Moja. Tangi la njano, kama kiini cha yai. Jua lilikuwa linalipiga. Mwenyewe simwoni. Nikasema huyu kashuka kukojoa. Akakaa muda wa sigara mbili. Halafu akapanda kutoka mtaroni, akawasha, akaondoka kuelekea mjini. Kwa kasi."

Marlys aliandika. Kalamu ilitoboa karatasi.

"Na wewe baadaye ulipita pale?"

Elroy alikuwa anakikunjakunja kile kitambaa.

"Saa sita nilipita na trela la ndama. Saa tisa nikarudi. Mara mbili, Marlys. Redio ilikuwa inatangaza mchujo wa mbio, nikaongeza sauti. Angekuwa amelala kwenye majani kando ya pikipiki yake ningemwona koti, gari langu ni refu. Lakini kuwekwa mle mdomoni mwa kalvati..." Aliacha. "Labda aliniita. Unajua hilo? Labda aliniita mimi nikiwa nasikiliza redio."

"Aliyemweka mle ndiye wa kuulizwa. Si wewe."

"Basi kamwulize," alisema Elroy. "Na ukimaliza kumwuliza, niletee mimi."

*

Ofisi ya mbio ilikuwa chini ya jukwaa kuu la uwanja wa maonyesho, chumba kimoja chenye harufu ya mafuta ya kukaangia. Nje, matrekta yalikuwa yanasawazisha udongo wa uwanja, na upepo ulikuwa unasukuma vikombe vya karatasi chini ya viti. Bibi Idella Pruitt, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa katibu wa mbio hizo tangu enzi za waume wake wawili waliopita. Alimsikiliza Marlys bila kukatiza, kisha akainuka, akatoa kwenye rafu kopo la kahawa lililoandikwa *Geti B*.

"Vipande vyote vya tiketi navihifadhi mpaka Krismasi," alisema. "Kamati inasema nachafua ofisi. Kamati haijawahi kubishana na mlevi anayedai kauziwa kiti cha mtu mwingine."

"Siku ya mbio, mtu angeweza kununua viti vya safu ya tisa getini?"

"Siku ya mbio getini tunauza nafasi za kukaa chini kwenye majani, mwanangu. Jukwaa linaisha Machi."

Alivimwaga mezani, na Marlys akamwomba asiviguse kwa mkono. Walivigeuza kwa ncha ya penseli, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Ilichukua karibu nusu saa. Kumi na nne kilitokea kwanza. Kumi na tano kilikuwa kimenata chini ya kingine, na pembeni yake kulikuwa na alama ya kidole ya rangi ya kahawia, iliyokauka. Marlys alikiinua kwa koleo dogo, akakitia kwenye bahasha yake peke yake, akaandika saa na tarehe, akamwomba bibi aweke sahihi.

Kumi na sita hakikuwemo.

"Reino Lahti," alisema Bibi Idella. "Huniandikia barua kila Januari. Safu ya tisa, kwenye kona ya nne, pale wanapoingia kiubavu na udongo unawarukia watu usoni. Niliwahi kumwandikia kwamba naweza kumpatia viti vya juu, penye kivuli. Akanijibu kwamba kivuli kipo tele huko mgodini." Alivua miwani. "Nani alikaa kwenye kiti chake?"

"Hakuna aliyekaa."

"Watu elfu sita walisimama kwa kukosa nafasi, na kile kikabaki kitupu. Na hao wawili walikaa kando yake?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi Idella alizirudisha tiketi kwenye kopo, moja moja, akalifunga kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

*

Moteli ilikuwa na vyumba kumi na viwili vilivyopangwa mstari mmoja, na pikipiki mbili zilikuwa mbele ya chumba namba nne. Naibu Tollefson, mtu mkubwa asiyependa maneno, alikuwa amechuchumaa kando ya ile ya njano, akishika tochi ingawa ilikuwa mchana.

"Kikanyagio cha mguu wa kulia kimepinda nyuma," alisema. "Kimenyooshwa kwa nyundo, lakini si vizuri. Na tazama hapa ndani, kwenye maungio."

Palikuwa na unga wa rangi, kijani kibichi, umeshindiliwa kwenye skrubu. Marlys alikumbuka vidole vya mkono wa kushoto. Anayepita kwa kushoto, kikanyagio chake cha kulia ndicho kinachokuta klachi ya mwenzake wakati amelalia upande. Hakuwa na haja ya kuchora.

"Kipige picha. Ukwangue. Halafu usimame karibu na mlango."

Dale Skubic alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chumba cha mwisho, mbali na pikipiki, ameshika kikombe cha kahawa iliyokwisha kupoa. Alikuwa na mikono mikubwa na ndevu za mvi. Marlys alikaa kando yake bila kuombwa.

"Bwana Skubic, safari zenu zote, tiketi huwa anashika nani?"

"Reino. Mimi ningezipoteza."

"Mwaka huu mliingiaje?"

"Curtis alikuwa nazo. Reino alimpa alipogeuza kurudi."

"Kwenye maelezo imeandikwa mlinunua getini."

"Hayo alisema Curtis. Nikaona labda anachanganyikiwa, ni shemeji yake aliyekufa." Aligeuka. "Mimi nilikuwa namlilia rafiki yangu, dada. Sikusikia nusu ya mliyouliza."

"Ulikuwa mbele. Uliwasubiri wapi?"

"Kituo cha mafuta, pale lami inapoanza. Kama dakika ishirini. Akaja Curtis peke yake. Akasema Reino kanikasirikia mimi. Kwamba ninaendesha kama mwendawazimu, na amechoka kuwa na mimi, na hataki kuniona. Akasema, tiketi hizi hapa, katuambia tuende zetu." Alimeza mate. "Miaka kumi na tisa. Ningerudi kumtafuta, lakini nilijisikia vibaya, nikakasirika na mimi. Nikasema basi, aende. Siku nzima nimekaa pale uwanjani namtukana moyoni. Nilikuwa naweka kofia yangu kwenye kiti chake."

Marlys alimwambia ukweli, kwa sababu angeusikia tu, na kwa sababu hakuona ni kwa nini ausikie kutoka kwa mtu mwingine.

"Aliishi mpaka saa kumi."

Dale aliweka kikombe chini taratibu. Alisimama, akaanza kutembea kuelekea chumba namba nne alimokuwa Curtis, bila haraka, kama mtu anayekwenda kuchukua kitu alichokisahau. Tollefson alimwekea mkono kifuani. Dale aliusukuma. Tollefson hakusogea. Walisimama hivyo, wanaume wawili wakubwa, mpaka mabega ya Dale yalipoanza kutikisika.

"Niachie mimi," alisema Marlys. "Nakuomba."

*

Curtis Onstad alikuwa ameketi kitandani, televisheni imewashwa bila sauti. Alikuwa ametoka kunyoa. Alisimama haraka alipomwona Marlys, akavuta kiti, akampangusia.

"Mmempata mwenye gari?"

"Bado kuna mambo madogo ya kujaza kwenye fomu." Marlys alikaa, akafungua daftari. "Huna lazima ya kuongea na mimi, hilo ulijue. Unaweza kunyamaza, unaweza kutaka wakili. Utakachosema naweza kukipeleka mahakamani."

"Mimi sina cha kuficha, mama. Uliza."

"Mwaka huu sikupata nafasi ya kwenda uwanjani. Fainali nasikia ilikuwa nzuri."

Uso wa Curtis ulifunguka. "Nzuri? Hujaona kitu. Namba arobaini na saba alikuwa wa tatu mpaka mzunguko wa mwisho. Wa tatu! Kona ya nne akapita kwa nje kabisa, karibu na ukuta, gurudumu la nyuma limetupwa hivi." Alionyesha kwa kiganja, akakiteleza hewani. "Kashinda kwa nusu ya gurudumu. Udongo ulituingia mpaka mdomoni."

"Mlikuwa karibu, basi."

"Safu ya tisa. Hakuna mahali pazuri kuliko pale."

Marlys aliandika neno hilo, *tisa*, akalipigia mstari. Kisha akaweka bahasha ya posta juu ya kitanda, ile tupu, ndani ya mfuko wa nailoni. Kando yake akaweka kipande cha tiketi namba kumi na tano.

Televisheni iliendelea kumulika. Curtis alivitazama vile vitu viwili, na mkono uliokuwa bado hewani ukashuka.

"Getini wanauza majani tu," alisema Marlys. "Safu ya tisa iliisha Machi. Hizi zilikuwa kwenye koti lake, kifuani, nyuma ya zipu."

"Alinipa. Alipokuwa anarudi..."

"Kwa vidole vilivyosagika? Kikanyagio chako kina rangi ya pikipiki yake. Mtu aliiona pikipiki yako imesimama juu ya kalvati. Nani alimvua helmeti, Curtis?"

Maji yalisikika yakipita kwenye bomba la chumba cha jirani.

"Jua lilikuwa kali," alisema Curtis. "Nilimtoa juani. Hilo liandike. Sikumwacha juani."

"Nimeandika. Nimeandika pia kwamba mahali ulipomweka hakuna aliyeweza kumwona. Ilikuwaje?"

"Tulikuwa tunacheza. Wale jamaa wa mbio wanavyoteleza, nilitaka kumwonyesha. Nikampita kwa kushoto, gurudumu likanikimbia. Nilimgusa tu. Nilimgusa kidogo tu."

"Ulikuwa umekunywa nini?"

"Kahawa." Akafuta mdomo. "Na kidogo ndani yake."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu tuamke. Mama, ingekuwa mara yangu ya tatu kukamatwa nimekunywa. Hakimu alishaniambia, ya tatu ni gerezani. Leseni, kazi mgodini, nyumba, vyote."

"Alikuwa anaongea?"

Curtis alitazama zulia.

"Alikuwa anaongea, Curtis?"

"Alisema nenda kaite watu. Alisema nipo hapa, siendi popote. Alitania, unaona? Nikajua si vibaya sana."

"Halafu ukazitoa tiketi."

"Dale angeuliza. Bila tiketi asingeamini kwamba Reino amerudi."

Alilisema hilo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Marlys aliweka kalamu chini, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kuumia.

"Kituo cha mafuta kina kibanda cha simu."

"Dale alikuwa amesimama karibu nacho."

"Chini ya jukwaa kuna simu tatu. Masaa sita, simu tatu. Usingelazimika kutaja hata jina lako."

"Nilikwenda," alisema Curtis, na kwa mara ya kwanza alimtazama machoni, akitaka aaminiwe. "Haki ya Mungu nilikwenda, kabla ya fainali. Kulikuwa na foleni."

Marlys aliinuka. Sauti yake, alipofungua mlango na kumwita Tollefson, haikufika hata kwenye ngazi, lakini Tollefson alikuwa anamjua, akaja. Pingu zilifungwa. Curtis alitolewa nje akiwa na soksi, akapitishwa mbele ya pikipiki ya njano, mbele ya Dale aliyekuwa ameketi tena kwenye ngazi yake. Dale hakuinua kichwa. Alikuwa ameikunja kofia yake mikononi mpaka ukingo wake wa mbele ukavunjika.

"Dale," aliita Curtis. "Dale, mwambie Aili nilimtoa juani."

Mlango wa gari ulifungwa.

Simu ya mapokezi ilikuwa ya ukutani. Mwenye moteli aliondoka bila kuambiwa. Marlys alipiga namba ya Minnesota, ikapokelewa kabla mlio wa kwanza haujaisha. Aili Lahti alikuwa mke wa Reino kwa miaka thelathini na minne na dada wa Curtis kwa maisha yake yote. Marlys alimweleza kwa mpangilio: pikipiki, kalvati, kivuli, tiketi, simu tatu. Hakupunguza na hakupamba. Upande wa pili hakukuwa na kilio, ni pumzi tu iliyokuwa ikiingia na kutoka.

"Alikuwa peke yake?" aliuliza Aili. "Mwishoni."

"Ndiyo. Alikuwa peke yake."

Upande wa pili zilisikika funguo zikichukuliwa.

"Natoka sasa hivi," alisema Aili. "Mume wangu nakuja kumchukua mwenyewe. Huyo ndugu yangu, bakini naye ninyi."